Umande wa Baba wa Mtu Mwingine

Mwaka ule nilikuwa mlinzi wa jengo moja la Discovery Gardens, Dubai, zamu ya mchana, na kilichonisumbua zaidi kazini kilikuwa usingizi. Nilikaa kwenye meza ya mapokezi, nikaandika majina ya wageni, nikawakataza watoto kuingia na baiskeli kwenye lifti, nikasimama kila madam au sir alipopita. Kabla ya hapo nilikuwa nimepita Mombasa, Kampala na Doha, nikihama kila nilipoanza kuzoea, na kote huko nilijifunza kwamba dawa ya usingizi ni kusoma. Nilisoma gazeti la juzi, matangazo ya pizza, hata maelekezo yaliyobandikwa kwenye kizimamoto.

Ghorofa ya chini aliishi mama mmoja wa Kichina, wa miaka hamsini na kitu, aliyefanya kazi katika ghala la vigae huko Dubai Investments Park. Kila asubuhi alingoja gari la kampuni kwenye benchi mbele ya meza yangu, kitabu mkononi. Siku moja alinionyesha neno akaniuliza maana yake. Ndivyo tulivyoanza kuzungumza. Kitabu kilikuwa cha insha za mwandishi mmoja wa nchi yake, zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Alizijua insha hizo kwa moyo tangu shule, kwa Kichina, na sasa alikuwa akizisoma kwa Kiingereza ili ajifunze Kiingereza, maana tayari alijua kila sentensi inataka kusema nini. Nilipenda ujanja huo. Aliponiuliza maneno, mengine niliyajua kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Mengine nilijifanya nayajua.

Alinieleza maisha ya mwandishi yule kidogo kidogo, kila siku kiasi cha dakika za kungoja gari. Alizaliwa katika mji wa mifereji, baba yake alikuwa mtia rangi vitambaa. Akawa mwalimu. Vita vikamsukuma mji hadi mji na mke na watoto, na kila alikopanga chumba aliandika juu ya chumba hicho: sauti ya ufagio wa jirani, harufu ya viazi vitamu vikichomwa barabarani, kiraka cha mkono wa koti kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kurasa mbili, tatu, basi. Hakuna mtu aliyeuawa wala kuokolewa. Mama yule alisema kuwa mwandishi huyo alikuwa akikitazama kitu kimoja mpaka kitu chenyewe kikaona haya, kikasema siri yake. Wakati ule wa uhai wake, alisema, hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mwalimu mwenye meno mabovu aliyehamahama.

Alipokimaliza kitabu alinipa. Nilikisoma mara tatu. Sikuwa nimewahi kusoma mtu anayehama kila mara, kisha akitamani kila mahali alipoondoka kana kwamba pale ndipo alipopaswa kubaki. Nilidhani nimepata ndugu.

Insha niliyoirudia kuliko zote ilikuwa ya baba yake. Mwandishi ana miaka kumi na mitatu, anakwenda shule ya mjini, na baba anamsindikiza hadi kwenye kivuko. Njia inapita kwenye majani marefu. Baba, mikono yake ya buluu hadi kwenye viwiko kwa sababu ya kazi, anatangulia mbele na fimbo ya mwanzi, anapiga majani kushoto na kulia ili umande umwagike kabla suruali mpya ya mtoto haijapita. Wakifika kivukoni baba amelowa hadi mapajani. Anaitazama suruali ya mwanawe, anaona ni kavu, anageuka, anarudi nyumbani bila kusema neno.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilimkumbuka dada yangu. Kwetu ni milimani, Taita, na mama yetu alifariki nikiwa darasa la pili. Dada yangu ananizidi miaka sita. Aliacha shule ili kuwe na mtu wa kuwasha moto asubuhi. Siku niliyokwenda kuanza sekondari, yeye ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani, sanduku langu la bati kichwani, ukungu umefunika kila kitu. Alitangulia yeye. Tulipofika barabarani leso yake ilikuwa imelowa ikagandamana na miguu, naye anatetemeka, na mimi nilikuwa mkavu. Baba hakutoka. Alikuwa kitandani, nilimsikia akikohoa nyuma ya ukuta. Alikuwa fundi wa mawe na alitaka nijifunze kuchonga mawe pamoja naye, na nilipokataa hatukupatana tena vizuri, si wakati ule, si baadaye nilipoanza kutangatanga.

Baba alifariki mwezi wa tatu. Dada yangu alinipigia asubuhi nikiwa zamu. Msimamizi wetu, Mhindi wa Kerala, mtu mpole, alisikia habari kabla sijamweleza vizuri, akaniambia nisubiri, akapiga simu ofisini. Akarudi akasema nimepewa ruhusa ya siku kumi na pasipoti yangu itakuwa tayari kesho.

Nilimwambia sitakwenda.

Alinitazama. Akaniuliza kama nimemwelewa. Nikasema nimemwelewa, asante, lakini kwetu ni mbali na watazika haraka. Kwetu hawaziki haraka. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijarudi nyumbani miaka sita, na maneno ya mwisho tuliyosemezana na baba kwenye simu yalikuwa ya kugombana, na niliogopa kusimama kaburini mbele ya watu wanaojua. Dada yangu nilimwambia kafeel, mwajiri anayetudhamini, amekataa kuniachia pasipoti. Hilo ni neno linalotosha. Sisi tulio huku tunalijua, na walio nyumbani wamelisikia kwa wengi hata hawaulizi zaidi. Kafeel amekataa, khalas, mtoto wa watu yuko utumwani. Yupo ambaye kweli alikataliwa, nilimjua, alilia siku tatu kwenye kitanda kilicho juu ya changu. Nami nikalichukua neno lake nikalivaa.

Dada yangu alilia, akawalaani Waarabu, akasema, "Basi tuandikie. Kila mtoto atasoma salamu zake. Zako nitazisoma mimi."

Kwetu salamu hizo ni jambo kubwa. Zinachapishwa kwenye kijitabu cha ratiba ya mazishi pamoja na picha, na za mtoto aliye ng'ambo zinangojwa kuliko za wote, maana ndizo zinazowaliza watu. Ijumaa baada ya kanisa, maana huku hata sisi Wakristo tulisali Ijumaa, nilikwenda saibakafe ya Karama, mtaa tuliokaa, nikakaa mbele ya kompyuta, na hakuna kilichokuja. Nilijua nini juu ya baba? Mikono iliyopasuka kwa chokaa. Kikohozi. Betri za redio alizozipanga juani juu ya jiwe ili zipate nguvu tena, akizigeuza kila baada ya muda kama mtu anayechoma mahindi, na hasira yake mtu akizigusa. Leo naona hizo betri zilitosha kabisa. Siku ile niliona ni ufukara. Nilitaka kilima kizima kilie, ili wasiulize niko wapi.

Nikafungua kitabu. Mto nikaufanya bonde, kivuko nikakifanya barabara, fimbo ya mwanzi nikaifanya fimbo ya mkaratusi. Mikono ya buluu ikawa mikono myeupe kwa chokaa. Maneno mengine niliyatafsiri moja kwa moja, na yalikuwa mazuri, na nilipoyasoma nilijililia mwenyewe pale saibakafe mpaka kijana wa Kifilipino aliyekuwa kompyuta ya pili akanipa karatasi ya kufutia. Aya ya mwisho ya insha ile sikuitumia. Niliona haifai mazishini. Nikaituma kazi moja kwa moja kwa mtu wa Wundanyi, mji wa karibu na kwetu, aliyekuwa akichapisha ratiba, na ratiba zilifika nyumbani asubuhi ile ile ya maziko, dada yangu akiwa anapima mchele wa wageni.

Sidii ya video ya mazishi ililetwa wiki tano baadaye na Mkenya mwenzetu aliyetoka likizo. Chumba chetu cha Karama kilikuwa na watu wanane, na jambo kama hilo hutazami peke yako, hata ukitaka. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kanisani na mashati yao mazuri, ugali upo, samaki wapo, na televisheni ni ya wote. Mkamba mmoja aliyekuwa mlinzi kama mimi, ambaye aliniita Profesa kwa sababu ya kusoma, ndiye aliyeiweka.

Tuliona jeneza, kwaya, watu wakiteremka mteremko kwa uangalifu. Tukaona dada yangu akiitwa mbele. Alikuwa amekonda. Mpiga picha alimsogelea mpaka uso wake ukajaa kioo. Alisoma vizuri mwanzo wote, jinsi nilivyokataliwa ruhusa, jinsi mwili wangu uko huku na moyo uko kwao. Kisha akafika pale. "Asubuhi niliyokwenda shule, baba alitangulia mbele yangu na fimbo…"

Akanyamaza.

Aliitazama karatasi. Akaigeuza nyuma, kana kwamba kuna mahali pameandikwa nani ameileta, akaigeuza tena. Watu waliokuwa nyuma yake walidhani kilio kimembana, mama mmoja akasogea akamshika mgongo. Dada yangu alitikisa kichwa kuwa yuko sawa. Akaendelea kusoma hadi mwisho, kila neno, kwa sauti ile ile. Alisoma jinsi baba alivyolowa. Alisoma jinsi baba alivyoitazama suruali yangu akaona ni kavu. Na kilima kililia, kama nilivyotaka.

Chumbani watu waliacha kula. Mkamba alifuta macho kwa kifundo cha mkono.

"Profesa, kumbe mzee wako alikuwa mtu wa maana hivyo," akasema. "Wangu hata njia ya kwenda shule alikuwa haijui. Siku alikuja ni ya kunichapa, na akapotea."

Watu wakacheka, wakaomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Nikamtazama dada yangu akigeuza karatasi mara ya pili, na baadaye, kwa kuwa wawili waliokuwa bafuni walitaka nao waione, mara ya tatu. Kisha akaja mchungaji, akaacha mahubiri aliyoyaandaa akahubiri umande. Akina baba, alisema, nani kati yenu anatangulia mbele ya mtoto wake? Akamwonyesha baba yangu ndani ya jeneza kama mfano.

Habari ikaenea. Wiki ile alikuja mtu mmoja kutoka nyumba za wafanyakazi za Dubai Investments Park, mama yake amefariki, akataka nimwandikie salamu kama zile. Nilimwambia siwezi. Alidhani naringa, akaniambia wazi kuwa msiba humpata kila mtu, akaondoka bila kunywa chai.

Nilimngoja yule mama wa Kichina kwenye benchi lake. Sijui nilitaka nini kwake, labda anicheke yaishe. Nilimweleza kuwa baba yangu alikuwa amefariki na kwamba niliutumia umande wa mwandishi wake kumzika. Hakucheka wala hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole, akasema watoto wa shule wa kwao pia huuiba umande ule kila mwaka katika mitihani, walimu wamechoka nao. Kisha akaniuliza kama mwisho pia niliuchukua.

Nikasema hapana, mwisho niliuacha.

"Lakini mwisho ndio wake," akasema. "Umande ni wa baba."

Gari lake likafika akaondoka. Nikakitoa kitabu kwenye droo nikaisoma ile aya niliyoiruka. Mwandishi anasema kuwa njia nzima alitembea nyuma, mbali, ili wanafunzi wenzake waliokuwa kivukoni wasijue kuwa mtu yule mwenye mikono ya buluu ni baba yake. Anasema baba alijua, kwa sababu hakumwita hata mara moja asogee. Anaiandika akiwa mtu mzima, baba amekwishakufa, na anaiandika bila pambo lolote, sentensi fupi fupi, yeye ambaye aliweza kuandika ukurasa mzima juu ya ufagio.

Nilikaa na kitabu wazi mpaka mpangaji mmoja akapita na sikusimama, akaniuliza kama nimekufa. Maana hata mimi nilitembea nyuma. Dada yangu hakuwa na viatu asubuhi ile, na leso yake ilikuwa imechanika pembeni, na barabarani walikuwepo wavulana wengine na wazazi wenye makoti. Nilimwacha atangulie mbali. Tulipofika nilipokea sanduku kama mtu anayepokea mzigo kwa mchukuzi, nikasimama upande wa pili wa barabara. Jambo hilo nilikuwa nalijua wakati wote. Nilijua nilipokuwa Kampala, nilijua nilipokuwa Doha, nalo lilikuwa limeandikwa tayari mbele yangu kwa Kiingereza chepesi, kazi yangu ilikuwa kuliacha lilivyo. Nikachukua umande, nikaacha aibu. Na umande wenyewe nikamnyang'anya aliyelowa, nikampa aliyekuwa kitandani, kisha nikamfanya dada yangu mwenyewe ausome mbele ya watu.

Ijumaa iliyofuata nilinunua kadi ya simu nikatoka chumbani, nikasimama nyuma ya jengo, kwenye mashine za viyoyozi zinazodondosha maji, mahali ambapo hakuna anayesikia mwenzake. Dada yangu alipokea. Aliniuliza habari ya kazi, ya afya, ya joto. Nikamwambia nataka kusema jambo juu ya zile salamu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, dada?"

"Kwamba siku ile ni mimi. Nilidhani jua la huko limekuharibu kichwa, umesahau nani alikuwa nani. Ila fimbo uliitoa wapi? Mimi sikuwa na fimbo. Mikono yote miwili ilishika sanduku."

Nikamwambia niliitoa kwenye kitabu. Akauliza kitabu cha nani. Nikasema cha Mchina mmoja, alikufa zamani.

"Mchina."

"Ndiyo."

"Yaani baba amezikwa na maneno ya Mchina," akasema, na sikujua kama anataka kucheka au kukata simu. Nadhani hata yeye hakujua.

Nikamwambia nitamwandikia mchungaji, nitaeleza nani alinisindikiza, asome kanisani. Alinikatiza. Alisema tangu mazishi watu waliojengewa nyumba na baba wanapita kumsalimu, wazee waliokuwa hawamtaji wanamtaja, na vijana wawili wamekuja kusafisha kaburi bila kuitwa. "Mwachie huo umande," akasema. "Hakuwa na vingi. Mimi nguo zangu zilikauka siku ile ile."

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Sauti yake ilikuwa imelegea. Lakini nilikuwa nimeanza, na nikamwambia kwamba kafeel hakukataa. Nilipewa siku kumi. Pasipoti ilikuwa tayari. Sikuja kwa sababu sikutaka kuja.

Nilisikia kuku wa kwetu, nikasikia mtoto akiitwa mbali. Kwa dakika nzima nilidhani kadi imekwisha.

"Hili sasa ni la kwako," akasema mwishowe. "Yale mengine yalikuwa ya kitabu."

"Nisamehe, dada."

"Na hilo je, umelitoa kitabuni?"

"Hapana."

"Basi lirudie. Kwa lugha ya kwetu, nilisikie."

Nikalirudia kwa Kidawida. Nilikuwa sijakizungumza muda mrefu, ulimi ukajikwaa katikati, nikaanza upya. Yeye hakunisaidia neno. Nilipomaliza hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliniambia kaburi limetitia upande mmoja baada ya mvua, na mawe ya kulijengea yapo, baba mwenyewe aliyachonga akiwa mzima na kuyapanga nyuma ya nyumba, ila hajapatikana mtu wa kuyabeba.

"Unakuja lini?" akauliza.

"Mwaka huu huu, inshallah."

"Sijakuuliza inshallah," akasema dada yangu. "Nimekuuliza lini."

Nikamtajia siku.